Hadithi Tunaiuliza Sanad, Dawa ya Mjamzito Hatuiulizi



Ndugu zetu katika imani, akina baba na akina mama wa Bwaise, Kawempe na kwingineko mnakotusoma. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tuna neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Tutalisema hivyo hivyo, kwa sababu linahusu roho mbili kwa mpigo: ya mama na ya mtoto aliye tumboni.

Siku hizi mjamzito akiumwa kichwa usiku, wa kwanza kuulizwa si mumewe, wala mama yake, wala mkunga. Ni simu. Anaandika shida yake kwenye kundi la WhatsApp lenye watu asiowajua, au anatafuta video TikTok, na muda si muda majibu yanamiminika. Huyu anamwambia anywe tangawizi na kitunguu saumu. Yule anamtajia kidonge. Wa tatu anamkataza kwenda hospitali, eti watampasua bure. Wa nne anamwuzia chupa ya dawa, na namba ya kutumia pesa iko tayari chini ya video. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyempima presha.

Ndugu zetu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ni dalili za kifafa cha mimba. Tangawizi haikiondoi. Kinajulikana kwa kupima presha na mkojo, na kikizidi mama huchomwa sindano ya magnesiamu salfeti hospitalini. Kifafa hiki na kutoka damu nyingi ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi zaidi duniani. Saa mbili za kusoma majibu ya wageni zinaweza kuwa ndizo saa alizohitaji mama huyo ili aokoke.

Sasa tuulizane. Sisi walimu wa madrasa tunawafundisha watoto wenu kwamba hadithi haipokelewi hivi hivi. Ina sanad. Maulamaa walifunga safari ndefu kumchunguza mpokezi mmoja tu: ni nani, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje, alijulikana kwa ukweli au kwa uongo? Hata leo mtu akisimama msikitini akaleta hadithi ngeni, wazee humwuliza, "Umeipata wapi?" Na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Iweje basi mtu asiye na jina, aliyeweka picha ya ua mahali pa uso wake, apewe tumbo la mke wako alitibu, na hakuna anayemwuliza umeipata wapi?

Wengi mnakijua kisa alichokipokea Jabir (R.A.), kilichomo katika Sunan Abi Dawud. Mtu alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu vikali wale waliojibu bila elimu. Wale walikuwa Waislamu wenzake, wanamjua, wanamtakia mema, na jeraha wanaliona kwa macho yao. Haikutosha. Sembuse mgeni wa mtandaoni ambaye hata hajui mimba ina miezi mingapi?

Tunajua mtakalosema. Mtasema hata madaktari hukosea. Ni kweli. Dawa ya thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu na usingizi, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na vilema kabla haijaondolewa kuanzia mwaka 1961. Lakini angalieni nani aliyewakinga wengi wa Marekani. Ni Dk. Frances Kelsey, aliyekuwa akikagua dawa serikalini. Alikataa kuipitisha kwa sababu ushahidi aliopewa haukumtosheleza, na wenye kampuni wakimsukuma. Aliwadai sanad! Basi kosa la wataalamu linatufundisha kudai ushahidi zaidi. Halitufundishi kumkimbilia asiye na ushahidi wowote.

Mtasema dawa za miti ni za mababu zetu, na emmumbwa imenywewa Buganda vizazi na vizazi. Sisi hatuwatukani mababu. Ila bibi aliyekuwa akimpa bintiye emmumbwa alikaa nyumba ya pili. Alimjua mwana huyo tangu utotoni, na mambo yakiharibika alikuwa yupo, anaulizwa. Muuza chupa wa mtandaoni mtamwulizia wapi? Tena ziko dawa za miti zinazoukaza mji wa mimba kwa nguvu, na mji ukikazwa kupita kiasi huweza kupasuka. Uganda ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2019 ili waganga wa kweli wajulikane na kusajiliwa. Mganga asiyetaka kujulikana anakimbia nini? Na mafakihi wetu wamekwisha sema kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu ni mdhamini wa anachokiharibu.

Hata dawa za dukani si mchezo. Aspirini kidogo kidogo daktari humpa mjamzito fulani kumkinga na kifafa cha mimba. Ibuprofen nayo huonekana dawa ya kawaida tu ya maumivu, lakini mwaka 2020 wakaguzi wa dawa wa Marekani waliwaonya wajawazito waiepuke kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa yaweza kudhuru figo za mtoto. Vidonge hivi vyote viko duka moja. Anayekujua hali yako ndiye awezaye kukuambia kipi ni chako na kipi si chako.

Liko neno moja mtakalosema ambalo hatuna la kulijibu ila kukubali: kwamba kliniki kuna foleni, baadhi ya wauguzi ni wakali, na yule mgeni wa mtandaoni anajibu usiku wa manane kwa maneno matamu. Ada katika vituo vya serikali ya Uganda zilifutwa mwaka 2001, lakini boda boda haijafutwa nauli. Na hapa tunawageukia akina baba. Mara nyingi mke anawauliza wageni kwa sababu mwenye nyumba hataki kuulizwa. Anaambiwa ni uvivu, ni mimba tu, mama yangu alizaa kumi. Pesa ya bando ipo, ya nauli haipo. Mwanamume wa namna hii asimlaumu mkewe kwa kuamini simu, maana simu ndiyo iliyomsikiliza.

Nchi yetu imepiga hatua. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 wazazi 336 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 189. Pepopunda ya wazazi na watoto wachanga ilithibitishwa kutokomezwa Uganda mwaka 2011, na chanjo ina sehemu kubwa katika hilo. Tusiirudishe nyuma kazi hii kwa uvumi.

Basi tufanye hivi. Mjamzito aanze kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri aonwe angalau mara nane. Namba ya mkunga na ya mhudumu wa afya wa mtaa ziwe kwenye simu ya mke na ya mume. Mume aweke akiba ya nauli tangu sasa na apatane na mtu wa boda boda, kwa sababu Bwaise mvua ikinyesha njia hugeuka mto, na Hospitali ya Kawempe haitatufuata nyumbani. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, mtoto akiacha kucheza, hakuna kuandika swali. Ni kuondoka. Na ukiona dawa mtandaoni, uliza: jina lako nani, umesajiliwa na baraza gani, unapatikana wapi? Asiyejibu hayo matatu, mpite.

Allah awahifadhi wazazi wetu na watoto walio matumboni mwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.