Mlio wa Mashine Haushibishi

Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tunasema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Kuanzia Musoma mjini hadi Bunda na vijiji vya Butiama, wapo ndugu zetu waliojaa ushabiki wa mashine kongwe za dizeli, na sifa ya kwanza wanayozipa mashine hizo ni kelele. Wanatuambia kwamba mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa umeme haina nguvu, kwa kuwa haisikiki hadi kijiji cha pili. Wanasema mashine ya kweli ni ile inayotikisa bati na kuamsha watoto. Sisi tunasema kwamba huo ni upotofu. Tena ni upotofu wenye gharama, na gharama hiyo hawailipi mashabiki.

Tuanze kwa kutenda haki. Mashine hizo zilituletea mema makubwa. Bibi zetu walisaga mtama na ulezi juu ya jiwe, wakiwa wamepiga magoti, saa nyingi kwa ajili ya ugali wa jioni moja. Kisha zikaja injini kama Lister, iliyoundwa Dursley, Uingereza, tangu mwisho wa miaka ya 1920 hadi miaka ya 1980, na zile zilizoigwa kutoka kwake huko Rajkot, India. Fundi alizungusha hendeli, yale magurudumu mawili mazito yakashika kasi, moshi ukatoka juu ya paa, na mwanamke aliyekuwa mbali na gunia lake la mahindi au udaga akajua kwamba leo anaweza kusaga. Wapo wenye mashine waliofunga kopo mdomoni mwa bomba ili mlio ufike mbali zaidi. Mlio ule ulikuwa kengele ya kijiji.

Tena Maandiko Matakatifu yako upande wa mlio wa namna hiyo. Nabii Yeremia, katika sura ya 25, anapotaja maangamizi ya nchi, anaweka kukoma kwa sauti ya mawe ya kusagia pamoja na kukoma kwa sauti ya bwana arusi na bibi arusi. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 18, kinasema vivyo hivyo juu ya Babeli. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inakataza kumnyang'anya mdaiwa jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa maana kufanya hivyo ni kuushika uhai wake. Basi mtu asituambie kwamba tunadharau sauti ya kinu.

Lakini tazameni vizuri, wapendwa. Katika kurasa hizo zote, sauti ya kinu ni njema kwa sababu kuna unga. Ni ishara ya chakula, ya nyumba yenye watu, ya maisha yanayoendelea. Mashabiki wetu wameitenga ishara na kile inachokiashiria. Wameuacha unga, wakaukumbatia mlio. Mtu akipenda kengele kuliko Misa inayotangazwa na kengele hiyo, tutasemaje juu ya imani yake?

Tena hoja yao ya nguvu ni dhaifu hata kwa vipimo vya ufundi wenyewe. Injini ya Lister tunayoizungumzia ni ya mipigo minne: huzunguka mara 600 hadi 650 kwa dakika, na mafuta huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ndiyo sababu twausikia ule mdundo wa taratibu, kama mara tano kwa sekunde. Dizeli ya mipigo miwili huwaka katika kila mzunguko. Ndiyo maana injini za General Motors za Series 71, zilizoanza mwaka 1938, na zile za TS3 za malori ya Commer ya Uingereza, zilizoanza mwaka 1954, zilikuwa na ngurumo iliyozidi ya wenzake, na mpaka leo huko Ulaya na Marekani wapo wanaozikarabati na kukusanyika kuzisikiliza. Lakini iwe ya mipigo minne au miwili, kelele inayotoka bombani ni gesi yenye mgandamizo inayotorokea hewani baada ya kuiacha kazi. Zaidi ya nusu ya joto la mafuta katika injini za namna hii hupotea bila kusaga hata punje moja. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Anayesifu ngurumo anasifu kile kilichopotea.

Na ni nani anayelipa? Ni kijana anayeshinda ndani ya chumba cha mashine, vumbi la unga usoni, moshi kifuani, masikio wazi, kwa ujira mdogo. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu wa usikivu wanafundisha kwamba kukaa saa nane katika kelele ya desibeli 85 siku baada ya siku huharibu masikio, na sikio la ndani likishakufa halifufuki kwa dawa. Analipa pia mgonjwa aliyelala jirani, mama aliyejifungua jana, na mtoto anayejaribu kusoma. Nchi yetu ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015. Shabiki husikiliza kwa dakika tano, akapiga picha kwa simu yake, akaenda zake. Kijana wa mashine anabaki.

Tunajua jibu litakalotolewa: umeme hukatika, umeme wa njia tatu haujafika kila kitongoji, mota ni ghali, na dizeli kongwe hutengenezwa na fundi yeyote mwenye spana na akili. Ni kweli. Mwenye mashine anayesaga kwa dizeli kwa sababu hana njia nyingine analilisha taifa la Mungu, na hatumlaumu. Tunachomwomba ni haki ndogo tu: apandishe bomba juu ya paa, aweke sailensa, ampe kijana wake vifaa vya kuziba masikio na pua, asiajiri watoto. Hata mwenye kutaka kuhifadhi injini ya kale kama kumbukumbu ya historia yetu, na aihifadhi kwa heshima. Lakini pale ambapo nguzo zimefika, na nchi ina bwawa la megawati 2,115 lenye jina la mwana wa Butiama, kumcheka jirani aliyenunua mota ya umeme kwa sababu haipigi kelele ni ujinga uliovaa nguo za ushujaa.

Ugonjwa huu hauishii kwenye mashine za kusaga. Kijana wa bodaboda anayetoa sailensa ili mtaa mzima ujue amepita anaumwa ugonjwa huo huo. Na kanuni hii haina upendeleo: inazihusu pia jenereta na spika za mikutano ya dini, iwe ya kwetu au ya majirani zetu, zinapovuma usiku kucha juu ya vichwa vya wagonjwa.

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye Jimbo letu la Musoma lilianzisha mchakato wake mwaka 2005, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya watu, wala si ya vitu. Basi mashine ipimwe kwa mtu: nani ameshiba, nani amepumzika mgongo, nani ameumia. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alihesabu kelele miongoni mwa mambo yanayoharibu maisha ya miji yetu.

Katika Dominika ya 19 ya Mwaka A, Kanisa hutusomea habari za Eliya mlimani Horebu. Ulipita upepo wa kupasua miamba, likapita tetemeko, ukapita moto, na Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo, tulivu, na nabii akafunika uso wake. Mtu aliyezoea kuipima nguvu kwa ngurumo angekuwa amekwisha kuondoka mlimani pamoja na ule upepo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, katika mkutano wa wiki hii, zijiulize: katika eneo letu, mashine iko wapi, nani anafanya kazi ndani yake, na tunaweza kumsaidiaje? Mwenye mashine asikilizwe, na kijana wake asikilizwe pia.

Mungu awabariki, abariki vinu vyenu na unga utokao humo. Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!