Fundi wa Luthuli naye amesoma

Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, ukiwa na simu iliyozima kabisa. Kijana wa kibandani ataifungua, apime stima inapokatikia, atoe chipu iliyoungua na kuweka nyingine. Kabla hujamaliza soda, simu inawaka. Kazi hiyo hakuifunzwa darasani. Alikaa miaka kando ya fundi mwingine, akichoma vidole.

Sasa huyo msee akitaka kusomea uhandisi wa elektroniki chuo kikuu, ataulizwa kwanza alipata nini KCSE. Kama hakufikisha C+, basi azunguke: cheti, diploma, ndipo digrii. Na sehemu ya miaka hiyo atakuwa akilipa karo afundishwe kuchomelea waya!

Si kwamba serikali haijui. Sheria ya 2014 iliunda KNQA, mamlaka ya sifa za masomo, ambayo sasa inaendesha mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, maarufu kama RPL. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, unapewa cheti. Ni hatua nzuri, hasa kwa fundi anayenyimwa tenda kwa kukosa makaratasi. Ila mpango umeshika zaidi upande wa ufundi. Vyuo vikuu vinajifanya havijasikia.

Tanzania, hapa jirani, RPL ni njia inayokubalika ya kuingia digrii. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: tangu 2002, sheria inamruhusu mtu aeleze uzoefu wake kwa maandishi, ahojiwe na jopo, na akitosha apewe shahada, nzima au sehemu.

Wahadhiri wanahofia kwamba watu watanunua barua za uzoefu. Hofu hiyo ina msingi. Vyeti feki vimefika hadi ofisi za serikali. Lakini nani ameomba barua? Mwekeeni bodi mbovu mezani. Mhadhiri na fundi mkongwe wamtazame, wamuulize mbona amepima hapa na si pale. Hesabu na fizikia asizozijua, azisome kwanza, hata ikichukua mwaka mzima. Anayoyajua ahesabiwe, na asilipishwe tena.

Hatusemi kozi zote zifunguliwe mara moja. Udaktari ungoje. Chuo kimoja cha umma kianze na elektroniki pekee, na ada ya kupimwa iwe ile ambayo mtu wa kibanda anaweza kulipa bila kuuza vifaa vyake.