Nguo ya Kuazima na Ubeti Uliopotea

Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili, nilimleta Mji Mkongwe mwanafunzi wangu mmoja kutoka kusini mwa Unguja aje kughani shairi. Shairi lilikuwa lake mwenyewe: beti kumi na mbili, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimetulia. Sauti yake ndiyo iliyonifanya nimchague. Ilikuwa nzito kuliko umri wake, na alijua wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Tulifanya mazoezi wiki tatu chini ya mwembe wa skuli, yeye na sare yake iliyopauka na kandambili miguuni, wala sikumbuki siku aliyosahau hata neno moja.

Ilipokaribia siku yenyewe nikaona haya kwa niaba yake. Nguo zilikuwa bado ngumu kupatikana, na lile gauni lake la Idd lilikuwa limeshamrukia magoti. Nikamwazimia gauni la satini kwa jamaa yangu wa mjini, na viatu vya mchuchumio kwa mwalimu mwenzangu. Alipotoka chumbani kila mtu alisema amependeza, na kweli alipendeza. Alipanda jukwaani akaghani vizuri hadi ubeti wa sita. Hapo nikauona mkono wake wa kushoto ukishuka polepole kulivuta gauni kiunoni, kisha ukapanda kulirekebisha begani. Ubeti wa saba haukuja. Alitutazama, akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akashuka. Ukumbi ulicheka. Haukucheka kwa ubaya, lakini ulicheka.

Kwenye gari ya shamba nilimuuliza kulikoni. Akanijibu bila ya kunitazama: "Mwalimu, nilikuwa naogopa kulitia jasho gauni la watu."

Nimeishi na jawabu hilo zaidi ya miaka thelathini, na nimelikumbuka tena hivi karibuni kwa sababu ya kauli inayorudiwa sana siku hizi redioni na katika semina za vijana: vaa vizuri, utajiamini. Hata waandaaji wa maghani ya wanafunzi wameipokea. Watoto wanashonewa kanzu na magauni ya vitenge yanayofanana, wanavalishwa asubuhi ya tamasha, wanavuliwa jioni, na nguo zinarudi kabatini kungojea mwaka mwingine. Nataka kuijadili kauli hiyo, kwa maana nusu yake ni kweli tupu, na nusu nyingine ndiyo iliyompotezea mwanafunzi wangu ubeti.

Nianze na ukweli wake, kwani sisi washairi tuna tabia ya kulidharau pambo. Tukisikia habari ya nguo, mara tunautoa mkakasi na kipande chake cha mti, kana kwamba kila aliyependeza nje ana mti ndani. Historia ya kisiwa hiki haiturahisishii hivyo. Kabla ya amri ya 1897 iliyoiondolea sheria ya utumwa nguvu zake Unguja na Pemba, mavazi yalikuwa mpaka. Mtumwa alijulikana kwa kaniki yake nyeusi au kwa merikani, kile kitambaa kisichopaushwa ambacho jina lake bado linatuambia kimetoka wapi. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa vitu vya waungwana. Mtumwa hakuthubutu kuvivaa mbele ya bwana wake. Basi waliopata uhuru walifanya nini? Pamoja na kutafuta ardhi na kazi, walibadili nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaitupa kaniki, wakajifunga kanga na kujitanda nyingine. Yule aliyekuwa akipita kichwa wazi kwa kulazimishwa, sasa anapita Darajani kajitanda, na bwana wa jana hana la kumwambia.

Nani atathubutu kumwambia mwanamke huyo kwamba nguo ni kitu cha nje tu? Doti yake ilimpa kitu ambacho karatasi ya serikali peke yake isingeweza kumpa. Kila aliyemwona alilazimika kumsoma upya.

Nao waliotaka kuwarudisha nyuma walijua pa kupiga. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyezaliwa katika ukoo wa kitumwa na kuuza vyungu kabla ya kuuza sauti, alipopata jina mjini alitungiwa beti za kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki. Angalieni: hawakusema sauti yake mbaya, wasingeaminiwa. Walimvua nguo zake mpya kwa maneno na kumvisha tena ile ya zamani. Shaaban Robert ametuhifadhia kisa hicho katika wasifu wa Siti, na kilichonivutia daima ni kwamba jibu lake halikugusa nguo hata kidogo. Hakusema, "Tazameni nilivyovaa leo." Alijibu kwa ubeti kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kaniki waliyomtupia haikumbana kooni.

Hapo ndipo nusu ya pili ya kauli yetu inapoanza kuchechemea. Wanaosema "vaa vizuri utajiamini" wanadhani raha ya mwili na ujasiri wa moyo huja pamoja, siku moja, ndani ya mfuko mmoja wa duka. Mwanamke yeyote wa pwani anajua si hivyo, kwa sababu ameshanunua kanga.

Kanga mpya hupendeza kuitazama. Rangi zake kali, pindo limenyooka, jina linasomeka hata na asiyeambiwa. Lakini ina wanga. Imekakamaa kama karatasi. Ukijifunga fundo linafunguka, ukijitanda inasimama juu ya kichwa kama paa. Ukitoka nayo utasifiwa, na utashinda siku nzima mkono mmoja uko kifuani kuishikilia. Inafuliwa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo inapolainika na kuujua mwili. Kufikia hapo rangi imeanza kupungua na hakuna tena anayekusifu njiani, lakini sasa unaweza kubebea mtoto, kulalia, kufungia mzigo, kufutia chozi msibani. Kwa hiyo sifa huja kwanza na raha huja baadaye, na baina yao kuna kufua na kuanika. Ujasiri ninaoutafuta mimi unakaa upande wa raha.

Lugha yetu imeshalisema hili, ni sisi tusioisikiliza. Utotoni mwangu sikumsikia mtu mzima akimwambia mtoto "jiamini". Neno lilikuwapo, bila shaka, ila halikuwa mdomoni kwao. Walisema "jikaze", walisema "usione haya", na kazi ikiwa kubwa walisema "jifunge kibwebwe". Tafakarini picha hiyo. Kiswahili kinapotaka kumtia mtu moyo kinamwambia ajifunge nguo kiunoni! Basi nani amewahi kuona mwanamke akijifunga kibwebwe kwa kanga mpya yenye wanga? Kibwebwe hufungwa kwa ile iliyokwisha kulainika, inayokaza bila kuumiza, ambayo ikichafuka hakuna wa kukudai.

Liko pia neno "haiba". Tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina harufu ya hofu yenye heshima, ile inayokufanya unyamaze mtu anapoingia. Kwetu limeegemea zaidi upande wa mvuto na sura, hata tukasahau kwamba mtu anaweza kuingia na kanzu iliyofuliwa mara mia na baraza nzima ikampisha. Nimemwona mzee wa namna hiyo si mara moja. Kofia yake ilikuwa ya kushona kwa mkono, nyuzi zake zimeiva kwa miaka, imekikaa kichwa chake kama iliyoota hapo. Mwazime kofia hiyo kijana wa chuo. Itampwaya au itambana, na ataishika kila upepo ukivuma kutoka Forodhani.

Wahenga walituachia methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Niliifundisha darasani miaka mingi nikiifasiri kwa njia ya kawaida, kwamba usitegemee cha mwenzio kwa kuwa mwenyewe anaweza kukitaka wakati wowote. Nilikosea, au tuseme niliifasiri kwa juu juu. Nguo ya kuazima inaweza kufunika kila kiungo na bado ikakuacha uchi, kwa sababu fikra zako zote ziko kwa mwenyewe. Mwanafunzi wangu alifunikwa hadi miguuni. Kichwa chake ndicho kilichokuwa kinalinda satini badala ya kulinda shairi.

Na si nguo za jukwaani tu. Hapa Unguja harusi zetu sasa zina sare, na sare ina bei. Kitambaa huchaguliwa na wenye uwezo, kisha hutangazwa kama mwaliko. Nawajua wanawake waliokopa ili wasionekane tofauti, wakakaa ukumbini wakihesabu deni huku wengine wakiimba. Nawajua pia waliobaki nyumbani wakasingizia homa. Najua faida ya sare. Inapendeza, na inawafanya watu wajione wa kundi moja. Lakini mtu aliyevaa deni hana raha, na ujasiri wake unamalizika picha ikishapigwa. Siku hizi nikialikwa huvaa kanga yangu nzuri niliyonayo na kwenda hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilitazamwa. Mara ya pili walikuwapo wawili wengine.

Wapenzi wa ushairi mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Nasoma mashairi mengi ya vijana, na mara kwa mara nakutana na utungo uliovalishwa maneno ya kikale ambayo mtunzi, ni dhahiri, ameyaokota kamusini usiku ule ule. Si kwamba maneno hayo ni mabaya. Mengine ni almasi, na ningelia yakitupotea. Kasoro yake ni ile ya wanga: hayajafuliwa kinywani mwake. Ukimwomba aughani utungo wake, anasita penye neno hilo kama msichana wangu aliyepapasa kiuno. Namwambia kila mmoja wao alitumie kwanza neno hilo sokoni, alitumie kumwitia mdogo wake, alikosee mara mbili achekwe, kisha ndipo alipandishe jukwaani.

Ushauri wangu kwa waandaaji wa maghani ni mdogo na hauna gharama. Kama ni lazima mtoto avae kanzu au kanga, apewe mwezi mmoja kabla, na iwe yake. Akae nayo, aende nayo chuoni, aimwagie mchuzi. Kama fedha haitoshi, aje na gauni lake la Idd au sare yake ya skuli, na mwalimu amwombee nafasi bila kumwonea haya. Haya ile ilikuwa yangu, haikuwa yake. Alipokuwa chini ya mwembe na kandambili zake hakujua kwamba amevaa vibaya. Mimi ndiye niliyemjulisha, kwa kumletea satini.

Yeye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Tulionana mara ya mwisho Mchangani, dukani, anachagua doti ya kumpelekea mkwewe. Alikuwa anaifungua kila moja, anasoma jina, anaikunja tena, na muuzaji ameshachoka naye. Akanitania: "Mwalimu, bado unaazima magauni?" Tulicheka sana, mimi zaidi, kwa kuwa nilistahili. Nikamuuliza kama anaukumbuka ubeti wa saba. Pale pale, baina ya marundo ya kanga, akaughani wote, kwa ile sauti nzito, bila ya kusita, na muuzaji akaacha kuhesabu fedha.

Nilifika nyumbani nikauandika daftarini. Ni ubeti mzuri, na kituo chake kimenikalia kichwani hadi leo. Nilitaka niuweke hapa muusome, ila si wangu na sikumwomba ruhusa. Nikimwona tena Mchangani nitamwomba.