Tusiizamishe Bia ya Berlin kwenye Sirapu

Mimi ni mhudumu wa baa mtaa wa Wedding, Berlin, na swali linalonikera kuliko yote kazini ni lile ninalolazimika kuliuliza mwenyewe: nyekundu au kijani? Anayeagiza Berliner Weisse huwekewa sirapu ya rasiberi, au ile ya kijani yenye ladha ya Waldmeister, mmea wa msituni, katika bilauri pana yenye mguu. Halafu apewe mrija. Mrija, kwa bia!

Bia hii si soda. Hutengenezwa kwa kimea cha ngano na cha shayiri, na hopsi kiduchu tu, kwa kuwa hopsi huwadhoofisha bakteria, na hao bakteria ndio wanaoipa uchachu. Ni wa jamii ileile inayochachusha togwa. Hamira huleta kilevi, nacho ni kidogo, kama asilimia 3. Ipo na hamira nyingine, Brettanomyces, isiyo na haraka. Hiyo ndiyo iliyozipa chupa za zamani harufu ya matunda, zikilazwa ghalani miezi mingi, wakati mwingine miaka.

Katika karne ya 19 hii ndiyo iliyokuwa bia ya watu wa Berlin. Lager ikaipiku, viwanda vingi vikafungwa, na ile hamira ya polepole ikawekwa kando. Bia ikabaki na uchachu mtupu. Kwa bia ya namna hiyo, simlaumu anayeomba sirapu.

Wapo wanaoniambia sirapu nayo ni mila. Sawa. Lakini wazee wa Berlin waliinywa pia pamoja na Kümmel, pombe kali ya kisibiti, na mila hiyo sioni mtu akiitetea. Tena ile rangi ya kijani mara nyingi ni ya kiwandani, wala haina undugu na msitu wowote.

Ulrike Genz, mtengenezaji bia wa hapahapa Berlin, ameirudisha Brettanomyces katika bia zake za Schneeeule. Kumtilia mtu bia kama hiyo kisha kuifunika kwa sukari ni kumdhulumu aliyeisubiri ikomae.

Wahudumu wenzangu, tuanze kumwonjesha mteja bia yenyewe kabla ya kumuuliza rangi. Nawe msomaji, ukifika Berlin, sema “ohne Schuss”, yaani bila sirapu. Ikikushinda, sirapu ipo kaunta.