Aliyekosa Penalti Ndiye Aliyeleta Kombe

Wapenzi wa kandanda wa Afrika ya Mashariki wana sababu ya kulikumbuka jina la Aliou Cissé. Katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyofanyika Misri mwaka 2019, timu yake ya Senegal iliifunga Tanzania mabao 2–0, ikaifunga Kenya 3–0, kisha ikaitoa Uganda kwa bao 1–0. Lakini juma hili hatumtaji kwa uchungu wa kufungwa. Twamtaja kwa kuwa maisha yake yanamfaa kila mwenye dhamana ya kuongoza wenzake, iwe kikosini, kituoni au nyumbani.

Cissé alizaliwa mwaka 1976 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Alihamia Ufaransa akingali mtoto, na huko ndiko alikojifunza kazi ya mpira. Alizichezea Lille, Sedan na Paris Saint-Germain, na baadaye Birmingham City na Portsmouth za Uingereza. Alikuwa kiungo wa ulinzi. Hiyo ni kazi isiyo na sifa nyingi: kumkatia adui njia, kuziba pengo la mwenzako aliyepanda mbele, na kumpa mpira yule atakayeshangiliwa. Jina la mfungaji huimbwa. Kiungo hukumbukwa siku asipokuwapo.

Mwaka 2002 ulimletea fahari na msiba pamoja. Tarehe 10 Februari, mjini Bamako, Senegal na Kameruni zilimaliza fainali ya Afrika bila bao, mshindi akatafutwa kwa penalti. Nahodha Cissé alipiga mkwaju wa mwisho wa Senegal, mlinda lango akauzuia, kombe likaenda Kameruni. Hata hivyo, kocha Bruno Metsu hakumvua unahodha. Tarehe 31 Mei, mjini Seoul, Cissé aliiongoza Senegal kuwashinda Ufaransa, waliokuwa mabingwa wa dunia, kwa bao 1–0, na timu ikafika robo fainali. Kisha, tarehe 26 Septemba, meli iitwayo Le Joola, iliyotoka Ziguinchor kwenda Dakar ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, ilipinduka baharini. Watu zaidi ya 1,800 walipoteza maisha, wakiwamo jamaa zaidi ya kumi wa Cissé.

Mwezi Machi 2015 alikabidhiwa timu ya taifa kama kocha. Matunda hayakuja upesi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, ambako kati ya makocha 32 yeye peke yake alikuwa mtu mweusi, Senegal ililingana na Japani kwa pointi na kwa mabao, ikatolewa kwa wingi wa kadi za njano. Mwaka 2019 ikashindwa na Algeria 1–0 katika fainali ya Afrika. Lawama zilikuwa nyingi, lakini wakuu wa mpira wa Senegal walimwacha aendelee na kazi.

Ndipo ikafika tarehe 6 Februari 2022, fainali dhidi ya Misri mjini Yaoundé, katika nchi ileile iliyomnyang'anya kombe miaka ishirini kabla. Dakika ya 7 Senegal ilipata penalti. Sadio Mané akaipiga, akakosa. Uzito wa kosa lile kocha wake aliujua vema. Mané hakutolewa uwanjani, wala hakunyimwa mkwaju mwingine. Dakika 120 zilipokwisha bila bao, yeye ndiye aliyepiga mkwaju wa kuamua, akafunga. Senegal ilishinda kwa penalti 4–2 na kutwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Cissé aliiacha timu hiyo mwaka 2024, baada ya miaka tisa.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini aliyeteleza huhitaji mkubwa wa kumwachia nafasi ya kusimama tena. Metsu alimfanyia Cissé hivyo, naye Cissé akamfanyia Mané. Kuruta akikosa shabaha leo, msahihishe, kesho umrudishe uwanja wa shabaha. Na mtoto akivunja mtungi njiani, mwonye, kisha mtume tena kisimani.