Bendera ya Taifa Si Bidhaa ya Dukani

Meli inapokuwa katika bahari kuu, mbali na ardhi ya nchi yoyote, haiwi nje ya sheria. Sheria inayoitawala ni ya nchi ambayo bendera yake inapepea tezini. Baharia akipigwa, akidhulumiwa mshahara au akifa kazini, nchi hiyo ndiyo inayoulizwa kwanza. Shehena ikigunduliwa kuwa ya haramu, jina la nchi hiyo ndilo linalotangazwa ulimwenguni. Kwa hiyo kusajili meli si kuandika jina daftarini na kupokea ada. Ni kutoa ahadi mbele ya mataifa yote kwamba chombo hicho kinajulikana, kimekaguliwa, na mwenyewe anaweza kupatikana.

Ahadi hiyo inastahili kutafakariwa na kila mwananchi, na hasa na watumishi wa umma ambao mihuri ya nchi imo mikononi mwao. Historia ya daftari la usajili wa meli la Zanzibar ina mafunzo makubwa juu ya jambo hili.

Sheria ya usafiri baharini ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilifungua mlango wa kusajili meli za kigeni, na Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoanzishwa mwaka 2009 ikakabidhiwa usimamizi. Meli ikisajiliwa huko, tezini huandikwa neno Zanzibar na mlingotini hutwekwa bendera ya Jamhuri ya Muungano. Mwenye meli aweza kuwa anaishi Ulaya, kampuni yake ikawa imeandikishwa katika kisiwa cha mbali, mabaharia wakawa watu wa Asia, na chombo chenyewe kisitie nanga Malindi hata siku moja. Nia ya kufungua mlango huo haikuwa mbaya. Visiwa vyenye ardhi ndogo vilitafuta mapato kutoka bahari, na nchi nyingine zilikwisha kuonyesha kwamba mapato hayo yapo.

Kosa lilikuwa katika namna ya kuutekeleza. Kazi ya kuandikisha meli za kigeni ilitolewa kwa wakala aliyekuwa Dubai. Mwaka 2012 mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Jakaya Kikwete kulalamika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania wakati nchi hiyo ilipowekewa vikwazo. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba meli 36 zenye asili ya Iran zilikuwa zimesajiliwa. Mkataba na wakala ukavunjwa mwezi Agosti mwaka huo.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya vikwazo vya mataifa makubwa, na Tanzania haijapata kuwa nchi ya kuamriwa rafiki zake. Lakini hoja hapa ni nyingine kabisa. Nchi huru huchagua msimamo wake kwa kikao, kwa hoja na kwa uamuzi wa viongozi wake. Haiingizwi katika ugomvi wa wakubwa kwa sahihi ya karani wa kampuni aliye ng'ambo, kisha ikasoma habari hizo katika barua ya mgeni.

Ilitazamiwa kwamba funzo hilo lingetosha. Hata hivyo, mwezi Aprili 2015 Waingereza waliikamata katika Bahari ya Kaskazini tishari iitwayo Hamal, yenye bendera ya Tanzania, ikiwa imebeba zaidi ya tani 3 za kokeini. Mwishoni mwa 2017 meli Kaluba ilikamatwa karibu na Jamhuri ya Dominika ikiwa na dawa za kulevya, na mwanzoni mwa 2018 Wagiriki wakaikamata Andromeda ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko, ikielekea Libya. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli aliamuru usajili wa meli za kigeni usimamishwe na meli zaidi ya 400 zilizokuwa zimesajiliwa zichunguzwe. Uamuzi huo ulikuwa wa lazima. Lakini uchunguzi unaofanywa baada ya aibu hauwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi uliopaswa kufanywa kabla ya muhuri.

Bendera ya kuazima si jambo geni katika maji ya Unguja na Pemba. Baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, baadhi ya wenye majahazi walijipatia hati za Kifaransa ili manowari za Kiingereza zisiwapekue. Mwezi Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililotweka bendera ya Ufaransa huku likiwa limebeba watumwa. Ubishi juu ya hati kama hizo walizopewa wenye majahazi wa Oman ulifikishwa The Hague, na mwaka 1905 wasuluhishi wakaamua kwamba Ufaransa haikuwa tena na uhuru wa kumpa bendera yake kila aliyeitaka. Wakati ule bendera ya wageni ilitumiwa kuficha dhuluma iliyotendwa kwa Waafrika. Ni msiba wa historia ikiwa leo bendera ya Waafrika waliojikomboa itatumiwa kuficha maovu ya wageni.

Sheria ya dunia juu ya jambo hili iko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unataka pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera yake. Unaitaka nchi hiyo pia isimamie usalama wa chombo, sifa za nahodha na hali ya mabaharia. Ada haikutajwa kuwa uhusiano wa kweli.

Watatokea wasemao kwamba Panama na Liberia zinasajili meli za dunia nzima na zinafaidika. Ni kweli. Lakini nchi hizo zina wakaguzi katika bandari nyingi, na hufuta meli inayokiuka masharti. Daftari lililo wazi kwa wageni si dhambi. Dhambi ni daftari lisilo na macho. Na uangalizi si jambo jepesi. Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander iliondoka Malindi kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ikazama karibu na Nungwi, na mamia ya wananchi wakapoteza maisha. Ikiwa uangalizi ulishindikana kwa meli iliyokuwa mbele ya macho ya maofisa, utawezekanaje kwa meli ambayo hakuna ofisa aliyepata kuiona?

Hapana budi, basi, kila hati itolewe na ofisa wa umma aliyeko Zanzibar, anayewajibika kwa sheria za nchi, wala si na wakala wa ng'ambo. Mwenye meli wa kweli ajulikane kwa jina, si kwa sanduku la posta la kampuni. Meli ikaguliwe kabla ya kusajiliwa, na mapato yatangazwe hadharani. Daftari la Zanzibar na lile la Tanzania Bara yasomane kila siku, kwa maana bendera ni moja, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Aidha, meli inayotaka heshima ya bendera hii ipokee vijana wanaosomea ubaharia katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam wajifunze kazi. Hapo ndipo uhusiano utakapokuwa wa kweli.

Mvuvi wa Mkokotoni hutakiwa kuonyesha leseni na chombo chake. Haifai mwenye meli ya mafuta yenye thamani ya mamilioni aulizwe maswali machache kuliko yeye. Mwalimu anayewafundisha watoto kusimama wima bendera inapopandishwa asubuhi anawafundisha kwamba kitambaa kile kina maana. Mtumishi wa umma aliyeshika muhuri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mwalimu huyo hasemi uongo.