Kocha, hebu angalia saa yako kwanza

Oktoba 2024 Junior Starlets walikuwa Jamhuri ya Dominika, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17. Hakuna timu nyingine ya soka ya Kenya, ya wanaume au wanawake, iliyokuwa imefika kombe la dunia la FIFA kabla yao. Uingereza waliwapiga, Korea Kaskazini wakawapiga, kisha wao wakaichapa Mexico 2-1. Kocha wao, Mildred Cheche. Sisi huku tulishangilia hadi bando zikaisha.

Sasa njoo Kithyoko, hapa barabara ya Garissa. Timu ya wasichana ikianzishwa, wiki ya kwanza wanajaa kiwanjani. Baada ya mwezi mmoja hivi, hata watu wa kucheza saba kwa saba hawatoshi. Ukiuliza, unaambiwa wasichana hawajitumi, wanapenda simu, wanaogopa jua. Eti jua! Msichana aliyezaliwa Masinga aogope jua.

Tatizo ni saa. Mazoezi mengi ya mtaani huanza saa kumi na moja jioni, manake ndo wakati jua limepoa na vijana wametoka kwa vibarua. Huo ndo wakati msichana anatarajiwa nyumbani: maji hayajachotwa, moto haujawashwa, mtoto mdogo analia. (Ndiyo, tuko eneo lenye bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, na bado watu wanafuata maji na punda na mitungi. Hiyo ni hasira ya siku nyingine.) Akimaliza kazi anafika amechelewa, kocha anamzungusha uwanja raundi tano mbele ya wavulana wanaocheka. Mazoezi yanaisha giza limeingia na nyumbani ni mbali. Wewe ungerudi kesho?

Kwa hivyo kocha, wasichana wapewe uwanja kwanza. Saa kumi wakitoka shule waingie, wavulana wafuate. Najua wavulana watalalamika. Wacha walalamike, giza haliwatishi kama linavyowatisha dada zao.

Na hao dada zao wana kaka, ambao wengi unawafundisha wewe wewe. Mwambie kijana wako wa namba tisa: Jumanne na Alhamisi maji unachota wewe, dada yako ana mazoezi. Mzazi anaweza kukataa maneno ya binti yake, lakini kocha akija nyumbani mwenyewe, akasalimia vizuri, akaeleza siku na saa ya kurudi, mambo hubadilika. Kule Kilifi, Moving the Goalposts wamefanya kazi na wasichana kupitia soka tangu 2001, na wasichana wenyewe wanakuwa makocha na marefa. Mzazi akiona refa ni binti wa jirani, roho hutulia kidogo.

Kuna mambo madogo ambayo makocha wanaume huona haya kuyasema. Bukta nyeupe, kwa mfano. Nunua nyeusi. Sheria ya 2017 inaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana sodo shuleni, lakini likizoni shule imefungwa, na mashindano mengi ya mtaani huchezwa likizo. Weka pakiti kwa sanduku la huduma ya kwanza, mkabidhi dada mkubwa wa timu, na usimuulize mtu maswali.

Kisha lile zito. Kocha hapaswi kumtumia mchezaji mmoja meseji usiku, wala kumbeba peke yake kwa pikipiki, wala kumnunulia viatu kimya kimya. Hata kama nia ni safi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema aliyeaminiwa na mtu akamrubuni kingono anaweza kufungwa miaka isiyopungua kumi, lakini kesi ikifika huko, msichana ameshaumia. Meseji ziende kwa kundi ambalo wazazi wamo. Viatu vitolewe mchana, mbele ya timu. Na mama mmoja wa hapo sokoni awe kwenye benchi kila mechi, mtu ambaye msichana anaweza kumwendea bila kupitia kwako.

Likizo ya Agosti ikifika mashindano yatakuwa mengi. Ratiba ya mazoezi iandikwe sasa, na wasichana wenyewe wawepo ikiandikwa.